Paa Linavuja? Jinsi ya Kulikagua kwa Droni Kabla Fundi Hajapanda

Masika yakianza mwezi Machi, mafundi bati wa Arusha hawapumziki na simu. Dari la jipsamu limeota doa la rangi ya chai, mwenye nyumba anampigia fundi, fundi anapanda, anatembea juu ya bati la geji 30, anapaka silikoni kila anapopashuku, anashuka, analipwa. Mvua inayofuata doa linarudi, na mara nyingine linakuja na mwenzake, maana bati limebonyea pale pale alipokanyaga.

Droni inakuondolea huko kupanda. Kufikiri haikuondolei. Ukiwa hewani hutaona maji yanaingilia wapi. Utaona skrubu iliyolegea, bati lililonyanyuka ncha, gata lililojaa majani. Kuoanisha kasoro hizo na doa lililo sebuleni ni kazi yako, na kazi hiyo inaanzia ndani ya nyumba.

Nimeandika haya kwa watu wawili: mwenye nyumba anayetaka kukodi mtu wa droni, na kijana mwenye droni ya kupigia harusi anayetaka kujiongezea kazi.

Kibali na majirani

Droni hapa kwetu hainunuliwi leo ikarushwa kesho. Inatakiwa isajiliwe na uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi na JKT nayo inahusika. Zile gramu 250 unazozisikia kwenye video za YouTube ni mpaka wa sheria za Marekani na Ulaya. Hapa uliza TCAA kwanza. Mwenye nyumba, usione haya kumwambia kijana akuonyeshe kibali kabla hajafungua begi. Likitokea la kutokea, waliomwita ni ninyi.

Angalia pia uko wapi. Kiwanja cha ndege cha Arusha kiko Kisongo, na asubuhi ndege ndogo za kwenda Serengeti zinapishana. Moshi nao una kiwanja chake, na katikati ya miji hiyo miwili kuna KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Ukiwa Kisongo, Olasiti au mahali popote ndege zinapopita chini chini, usirushe mpaka umeelekezwa na wahusika. Karibu na kambi, gereza au shule ya polisi, achana nayo kabisa, hata kama nyumba yenyewe ni ya shemeji yako.

Halafu majirani. Mitaa ya Majengo na Kaloleni nyumba zimebanana, na droni ya mita 15 juu ya paa lako inaona uani kwa watu wanne. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna ustaarabu. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, kisha pita nyumba za jirani siku moja kabla: "Shikamoo mama. Kesho saa 2 asubuhi tutarusha droni tuangalie paa la Baba Neema linavuja. Ni dakika kama ishirini, kamera inatazama bati tu. Kama una nguo za kuanua au mtoto wa kuogesha uani, tutasubiri." Ukisema hivyo, huyo mama mwenyewe ndiye atakayewafukuza watoto wasikusogelee.

Hatua ya 1: Anzia darini

Chukua futi na karatasi. Chora ramani ya nyumba, hata kama ni mbaya, kisha pima kila doa liko umbali gani kutoka kuta mbili za nje. Doa la sebuleni: mita 2.4 kutoka ukuta wa barabarani, mita 3.1 kutoka ukuta wa kushoto. Vipimo hivyo ndivyo utakavyovitafuta kwenye picha. "Kule karibu na dirisha" haitakusaidia ukiwa mbele ya picha sitini za bati linalofanana mwanzo mwisho.

Kisha ingia darini na tochi, ukitembea juu ya mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, kamwe si juu ya jipsamu. Tafuta mkondo. Maji yakipenya hayadondoki papo hapo. Yanatambaa chini ya bati kufuata mteremko, yanagonga papi (mbao za kulala ambazo bati linapigiliwa), yanahamia kwenye kenchi, yanateremka nayo, ndipo yanadondoka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo tundu karibu siku zote liko juu zaidi ya doa, upande wa kilele. Mkondo wa maji huacha alama nyeusi au ya kahawia kwenye mbao, na misumari iliyo njiani huwa na kutu kuliko wenzake. Ukimaliza, zima tochi, tulia dakika mbili macho yazoee giza. Matundu yaliyo wazi yatajionyesha kama nukta za mwanga. Pima na hizo.

Ukishuka, muulize mwenye nyumba doa linakua wakati gani. Jibu lake linapunguza nusu ya kazi. Likikua kwa mvua yoyote, hata ya manyunyu, shuku tundu au gata. Likikua kwa mvua ya upepo tu, shuku maungio ya bati na bati na pale paa linapogusa ukuta. Likikua hata jua likiwaka, kagua bomba na simtanki kabla ya kuhangaika na droni.

Kuna na hili la Arusha: doa linalotokea Juni na Julai, wakati mvua hakuna. Usiku ule wa baridi bati linapoa sana, mvuke wa jikoni na wa bafuni unapanda darini, unaligusa, unageuka maji. Asubuhi linadondosha matone nyumba nzima. Ni jasho la bati, na dawa yake ni kuweka matundu ya hewa darini na kizuia joto chini ya bati. Silikoni ya dunia nzima haitalizuia.

Hatua ya 2: Chagua saa

Picha nzuri ya bati inataka jua la pembeni. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, mwanga unakuja kwa ubavu na kila kibonyeo, kila ncha iliyonyanyuka inatupa kivuli. Saa 6 mchana bati jipya linameremeta na hutaona kitu. Kwa kutu na rangi, wingu jepesi ni zuri kuliko jua kali, na asubuhi za Julai za Arusha mawingu hayo ni ya bure.

Saa nyingine nzuri ni muda mfupi baada ya mvua kukatika, bati likiwa linakauka. Sehemu inayobaki na maji wakati kwingine kumekauka ina jambo: mteremko mdogo, kibonyeo, au taka zinazozuia maji. Ila mvua iwe imeisha kweli, kwani droni nyingi ndogo hazivumilii maji.

Upepo ukitikisa matawi ya mgrivea, ahirisha. Kazi hii ni ya kukaa karibu na paa, na droni inayoyumba mita moja huku na huku ni hasara inayosubiri.

Hatua ya 3: Pa kupaishia, na urefu

Usipaishe droni kutoka juu ya bati, juu ya gari, wala juu ya zege lenye nondo. Chuma kinavuruga dira yake. Tandika ubao kwenye majani au udongo, mbali na gari.

Sasa jambo linalowaponza wengi waliozoea kurushia viwanjani. Urefu unaosoma kwenye skrini unahesabiwa kutoka pale ulipopaishia, siyo kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ilboru, Moshono, au ukipanda Kibosho, ardhi ni mlima. Ukipaishia getini chini na nyumba iko juu ya kilima, skrini inaweza kusema mita 12 huku kilele cha paa kikiwa mita mbili tu chini ya propela. Vivyo hivyo urefu wa kurudi nyumbani, ule ambao droni inapanda kabla ya kujirudisha yenyewe: uweke juu ya mti mrefu kuliko yote hapo na ongeza mita 10.

Kagua nyaya kwa macho yako, ukizunguka nyumba nzima kwa miguu. Waya wa TANESCO unaotoka nguzoni kuja kwenye nyumba ni mwembamba, na vihisi vya droni kwa kawaida haviuoni. Hali kadhalika waya wa dishi na kamba za kuanikia. Tazama na juu: mwewe wa Arusha hawana adabu, na wakianza kuizunguka droni, ishushe taratibu usubiri waondoke. Kama chini ya paa kuna nyuki, upande huo uache.

Mwinuko nao una gharama yake. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam. Moshi ni kama asilimia 8. Propela zinazunguka zaidi kubeba uzito uleule, betri inaisha mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Teremsha droni betri ikifika asilimia 30.

Hatua ya 4: Mizunguko mitatu

Piga picha, siyo video. Video inabanwa sana, na ukiisimamisha uangalie skrubu unaona ukungu. Punguza mwanga kidogo, kama theluthi mbili za stopu, ili bati lisiungue kwenye picha, na kasi ya shata isipungue 1/500.

Mzunguko wa kwanza ni wa juu: mita 20 hadi 25 juu ya kilele, kamera ikitazama chini wima. Picha chache zinazoonyesha paa zima pamoja na kuta. Hizi ndizo ramani yako ya nje, na juu yake utahamishia vipimo vya Hatua ya 1.

Mzunguko wa pili ndio kazi yenyewe. Shuka hadi mita 4 au 5 kutoka kwenye bati, kamera iinamishwe kiasi cha nyuzi 45, kisha tembea polepole kwa mistari, kutoka kilele kuelekea gata, kila picha ikiingia ndani ya mwenzake kwa zaidi ya nusu. Kwa nini mita 4 na si 10? Hesabu ni hii. Kamera ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana. Kwa lenzi ya kawaida ya droni hizi, ukiwa mita 10 unaona upana wa karibu mita 14, yaani pikseli moja imebeba zaidi ya milimita 3.5 za bati. Kichwa cha skrubu na raba yake ni kama milimita 15, kwa hiyo kinabaki nukta ya pikseli nne. Ukiwa mita 4, kichwa hicho hicho kinapata pikseli kumi. Hapo unaanza kuona kama raba imepasuka.

Usishuke chini ya mita 2. Upepo wa propela unatikisa bati lililolegea, na bati linalong'aa linachanganya vihisi vya chini vya droni.

Mzunguko wa tatu ni wa mahali mahususi: juu ya kila doa ulilopima, na zaidi ya hapo, mita tatu kuelekea kilele. Piga kutoka pande mbili. Muda wote simama mahali unapoiona droni kwa macho. Ikienda upande wa pili wa nyumba, tembea nayo. Mabati yanazuia mawimbi ya rimoti vibaya sana.

Hatua ya 5: Kusoma picha

Zifungulie kwenye kompyuta, si simu, na uzikuze mpaka asilimia 100. Anza kileleni, shuka.

*Bati la migongo na msauzi.* Tazama kila mstari wa skrubu. Bati la mita 6 linarefuka karibu milimita 3 joto lake likipanda nyuzi 40, na kwa jua la Moshi hilo ni jambo la kila siku. Miaka ya kuvutana hivyo inang'oa misumari taratibu na kupanua matundu. Msumari uliochomoka unatupa kivuli kirefu kuliko wenzake, ndiyo maana tulitaka jua la ubavu. Msumari uliopigwa bondeni badala ya juu ya mgongo ni kasoro hata kama haujavuja bado, kwa sababu maji yote yanapita hapo.

Kisha maungio: ncha ya bati la juu inatakiwa ilale bapa juu ya la chini. Ukiona mstari mweusi wa kivuli mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, bati limenyanyuka. Chini ya kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, tafuta mahali pasipozibwa, ambapo mvua ya upepo inasukumwa kwa ndani.

Vinukta vya kutu vilivyotapakaa kwenye bati bado jipya havimaanishi bati ni feki. Mara nyingi ni chembe za chuma za grainda: fundi alikatia bati juu ya bati, hakufagia. Zikisafishwa mapema, bati linapona. Mstari wa kutu unaoshuka kutoka kwenye sola hita yenye bomba la shaba ni habari nyingine, kwani maji yaliyopita kwenye shaba yanakula zinki.

*Paa la kujificha.* Hapa nitasema wazi: nyumba hizi za kisasa zenye kuta zilizopanda kuficha bati, zilizojaa Njiro na Olasiti, ndizo zenye kazi nyingi. Paa lina mteremko mdogo na gata liko ndani ya nyumba, juu ya dari lako, nyuma ya ukuta. Likiziba, maji hayana pa kumwagikia ila sebuleni. Na Arusha ina mijakaranda. Kuanzia Oktoba mitaa inakuwa ya zambarau, watu wanapiga picha, na maua hayo yote yanaishia kwenye magata wiki chache kabla mvua za vuli hazijakolea. Picha ya wima juu ya gata itakuonyesha udongo mweusi, majani, pengine hata mche uliokwisha ota. Hesabu matundu ya kutolea maji. Gata refu lenye tundu moja tu, bila tundu la dharura la kumwaga nje, ni kosa la ujenzi.

Kagua na flashi, lile bati lililokunjwa linaloziba kati ya paa na ukuta. Linapaswa kuingia ndani ya plasta. Kwenye nyumba nyingi limebandikwa tu juu ya plasta kwa silikoni, na baada ya miaka miwili mitatu ya jua silikoni inabanduka. Kwenye picha utaona mstari mwembamba mweusi sambamba na ukuta. Juu ya ukuta wenyewe tafuta nyufa za plasta. Maji yanaingilia hapo na kushuka ndani ya tofali, ukadhani ni bati.

*Vigae.* Vigae vilivyopasuka au kuteleza vinaonekana haraka. Ukungu wa kijani upande usiopata jua, kama kwa nyumba za Shanty Town ya Moshi zilizo chini ya miti mikubwa, unashika maji na kuyarudisha nyuma chini ya kigae. Nyumba iliyo na mparachichi juu yake hainihitaji mimi kueleza.

Watu huniuliza kuhusu kamera ya joto. Kwenye paa la zege inafaa: jua likishazama, sehemu iliyolowa ndani inabaki na joto kuliko iliyokavu na inaonekana wazi. Kwenye bati tupu, usilipie. Bati linaakisi ubaridi wa anga kama kioo, na picha itakuonyesha rangi nzuri zisizo na maana.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maji

Ukishapata washukiwa wawili watatu, thibitisha. Zima umeme wa taa za darini kwenye swichi kuu. Mtu mmoja aingie darini na tochi, mwingine asimame juu ya ngazi iliyoegemezwa vizuri ukutani na mpira wa maji. Anza chini, karibu na gata, mwagia sehemu moja dakika kumi hivi, ndipo upande. Ukianza juu, maji yatateremka kwenye kasoro zote kwa pamoja na hutajua ni ipi. Usielekeze mpira kwa nguvu chini ya maungio. Hata bati zima lingevuja hivyo.

Hatua ya 7: Mpe fundi kazi iliyoandikwa

Chagua picha ya paa zima, chora mishale, andika namba. Kila namba iwe na picha yake ya karibu na maneno machache: "Namba 3: skrubu mbili zimelegea, mita 1.5 chini ya kilele, juu ya chumba cha watoto." Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, siyo kama picha, la sivyo inabanwa na mshale wako unaelekea kwenye ukungu.

Na maongezi yawe hivi: "Fundi, kazi ni hizi namba nne. Skrubu zibadilishwe kwa nene kidogo zenye raba mpya, siyo kupakwa silikoni juu. Flashi iingizwe kwenye plasta. Ukikuta kingine, kipige picha kwanza, tuongee." Fundi mzuri atafurahi, maana umemwokolea nusu siku ya kutafuta. Atakayekwambia paa zima libadilishwe kabla hajaziangalia picha, mshukuru, mpe nauli.

Yapo ambayo picha hazitamwambia: mchwa kwenye kenchi, papi iliyooza, kutu ya upande wa chini wa bati. Hayo aliyeingia darini na tochi ndiye mwenye kuyaona, kwa hiyo mpe fundi na picha zilizopigwa humo darini pia.

Kazi ikiisha, rusha tena kwa urefu uleule na pembe ileile, uweke picha za kabla na baada pamoja kwenye folda yenye tarehe. Malipo ya ufundi yagawe: sehemu kubwa siku anapomaliza, inayobaki baada ya mvua ya kwanza kubwa kupita. Mkubaliane hivyo kabla hajapanda, na muandikiane.